Bendera ya upinde wa mvua ya wapenzi wa jinsia moja: kwa nini rangi sita na siyo saba?

#1 MpekuaKabati (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni.

Binti yangu yuko darasa la tano. Juzi alikuwa na kazi ya shule ya kuchora upinde wa mvua, penseli zake saba kazipanga mezani, nyekundu juu, urujuani chini. Runingani ikapita taarifa ya maandamano ya mashoga na wasagaji huko Marekani, bendera kila kona. Mtoto akatazama, akahesabu kwa kidole, akaniambia: "Baba, ule wao umepungua moja."

Nikajua kakosea. Nikahesabu mwenyewe: nyekundu, chungwa, manjano, kijani, buluu, zambarau. Sita kweli. Nikachimba kidogo, nikakuta kilichonichanganya zaidi. Bendera ya kwanza kabisa, iliyopandishwa San Francisco tarehe 25 Juni 1978, ilikuwa na rangi nane. Kwa hiyo zimetoka mbili, na katikati palikuwa na kipindi cha saba.

Naomba wenye kujua: hizo mbili ziliondolewa na nani, na kwa sababu gani? Na kwa nini upinde wa mvua, kati ya alama zote za dunia? Dai langu ni kwamba ziliondolewa kwa ajili ya maana zake. Rangi ya juu kabisa, waridi kali, ilisimamia kujamiiana. Naona wenyewe waliona haya. Nipo tayari kusahihishwa.

#2 Ngangari_77
Mada zimeisha? Msimamizi toa huu uzi.

#3 Msimamizi_Zamu
Jukwaa hili ni la historia na sanaa. Anayetaka kubishana kwa hoja akae, matusi yatafutwa.

#4 MswahiliWaGhuba
Mleta uzi, hapana, kuona haya hakuhusiki. Naishi huku karibu, hii habari kila mtu wa mji huu anaisimulia.

Bendera ilitengenezwa kwenye kituo cha jamii cha mashoga, namba 330 mtaa wa Grove. Jina linalotajwa sana ni Gilbert Baker, mzaliwa wa Kansas mwaka 1951, aliyeletwa San Francisco na jeshi na akabaki. Alijifunza kushona mwenyewe, akawa anashona mabango ya maandamano. Harvey Milk, aliyechaguliwa kuwa diwani mwaka 1977 akiwa shoga wa wazi, ndiye aliyekuwa akihimiza watu wapate alama yao wenyewe. Watu wa kujitolea wapatao 30 walichovya na kushona bendera mbili, kila moja futi 30 kwa 60.

Tarehe 27 Novemba 1978 Milk akauawa kwa risasi ofisini, pamoja na meya George Moscone. Kila mtu akataka bendera. Hapo ndipo kushona kwa mkono kukashindikana, wakaenda kwa watengenezaji wa bendera, kampuni ya Paramount. Kiwandani kitambaa cha waridi kali hakikuwepo kwa wingi uliotakiwa. Waridi ikatoka. Zikabaki saba.

Mwaka 1979 wakataka kuzitundika kwenye nguzo za taa za mtaa wa Market. Saba haigawanyiki kwa mbili. Feruzi, ile iliyo kati ya kijani na buluu, ikatoka, zikabaki sita, tatu upande huu wa mtaa na tatu upande ule. Ni mambo ya ufundi tu, mkuu.

#5 BiMkoko
Ghuba ipi hiyo ndugu yangu? Nilidhani uko Maskati.

#6 MswahiliWaGhuba
Ghuba ya San Francisco, dada. Maskati ni kwa shemeji yangu.

#7 FundiGora
Nimekuja mbio niliposikia kuchovya. Mimi ni fundi cherehani na batiki naifanya miaka kumi na tisa sasa.

#4, walichovya nguo gani na kwa rangi ipi? Maana hapo ndipo majibu yote yalipo.

#8 MswahiliWaGhuba
#7 pamba nyeupe tupu, majora kwa majora. Walijaza maji kwenye mapipa makubwa ya taka huko darini, wakachanganya rangi na chumvi. Kusuuza walikwenda usiku kwenye mashine za kufulia za umma, kwa sababu kuchovya humo hakuruhusiwi.

#9 FundiGora
Sawa kabisa. Hiyo nguo sisi tunaiita marikani mpaka leo, na jina lilitokana na hukohuko, maana pamba nyeupe ya viwanda vya Marekani ililetwa Unguja kwa meli tangu karne ya 19.

Sasa chumvi. Pamba hainywi rangi kirahisi, rangi inapenda kubaki majini. Ukiweka chumvi inaisukuma iingie kwenye uzi. Sisi tunamalizia na magadi ili isichuje. Unakoroga na mti, huachi hata dakika, ukiacha nguo inatoka na mabaka. Sasa fikirini futi 60 za nguo ndani ya pipa. Ikilowa huwezi kuinua peke yako, mnainua watu wanne na inawamwagikia. Waliofanya kazi ile walikaa na mikono ya rangi wiki nzima, hilo nawahakikishia.

Na waridi kali naielewa. Ukichovya mwenyewe unapata waridi yoyote unayotaka, ni suala la kupima unga. Ukienda kununua kitambaa kilichokwisha kuchovywa kiwandani unachukua kilichopo rafuni. Bendera inataka nyekundu, buluu, kijani, manjano, kwa sababu mataifa ndiyo yanayonunua. Nani ana bendera ya taifa ya waridi? Kwa hiyo namuunga mkono #4 kwa waridi. Kwa feruzi nina wasiwasi, nitarudi.

#10 MpenziWaSinema
Wakuu mnazunguka sana. Upinde umetokana na Judy Garland, yule mwimbaji aliyependwa mno na mashoga wa Marekani. Filamu ya 1939 anaimba kuhusu nchi iliyo ng'ambo ya upinde wa mvua. Akafa Juni 1969, akazikwa, na usiku wa mazishi yake ndipo fujo za baa ya mashoga ya Stonewall zikalipuka New York. Kila kitu kinaunganika.

#11 Mwalimu_Mwanga
#10 tarehe zinakaribiana, hilo kweli. Alifariki 22 Juni, mazishi 27 Juni, polisi wakavamia baa ya Stonewall alfajiri ya 28. Lakini waliopigana nje ya ile baa wengi walikuwa vijana wa mitaani waliochoka kukamatwa, na waliokuwepo wengi wameshasema hawakuwa wakimwazia mwimbaji yeyote. Kukaribiana kwa tarehe si sababu.

Na kuhusu rangi saba, mimi nafundisha fizikia. Mwanga hauna rangi saba. Unateleza kutoka rangi moja kwenda nyingine bila mpaka. Newton alianza na tano, akaongeza chungwa na nili zifike saba ili zilingane na sauti za ngazi ya muziki. Kabla yake Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki mwaka 1319, alishajaza maji kwenye tufe la kioo kuonyesha mwanga unavyopinda ndani ya tone. Mwambie binti yako kwamba hajakosea kuhesabu, ila saba yenyewe ni mapatano.

#12 MpekuaKabati
#11 asante mwalimu. Nimemwambia. Amekasirika kuhusu nili.

#13 WaBerlin
Swali la pili la mleta uzi halijajibiwa: kwa nini upinde. Nitasema kutoka huku nilipo.

Kabla ya bendera walikuwa na pembetatu ya waridi. Ujerumani ilikuwa na kifungu cha 175 cha sheria ya adhabu tangu 1871, kilichokataza mapenzi ya wanaume kwa wanaume. Manazi wakakikaza mwaka 1935. Wanaume takriban 50,000 walihukumiwa, na kati ya 5,000 na 15,000 walipelekwa kambini. Kule kila mfungwa alishonewa alama kifuani, na wao walishonewa pembetatu ya waridi, ncha ikitazama chini.

Lililoniumiza mimi nilipolijua ni la baada ya vita. Kambi zilifunguliwa, sheria ikabaki. Ujerumani Magharibi iliendelea nayo vilevile ilivyokazwa na Manazi hadi 1969, na kifungu kilifutwa kabisa 1994. Kuna watu walitoka kambini wakaweza kushtakiwa upya kwa kosa lilelile.

Hapa Berlin, kwenye bustani ya Tiergarten, kuna kumbukumbu yao iliyofunguliwa 2008. Ni jiwe moja la zege la kijivu, limeinama kidogo. Ukilizunguka unakuta kidirisha kimoja tu. Lazima usogee, uinamishe kichwa, na ndani kuna filamu inayojirudia ya watu wawili wakibusiana. Nilikwenda siku ya mvua, mbele yangu alikuwepo mzee wa Kijerumani aliyeshikilia kofia mkononi. Alichungulia muda mrefu, akaondoka bila kufuta kioo cha miwani yake. Sikumsemesha.

Kwa hiyo jibu langu: hawakutaka kuendelea kuvaa alama waliyopewa na wauaji wao. Baker mwenyewe alilisema hilo. Walitaka kitu kisichokuwa na damu.

#14 Jirani_wa_Nakuru
#13 hapo umenena, lakini pembetatu haikuachwa. Mwaka 1987 kule New York waliigeuza ncha juu, wakaiweka kwenye bango jeusi lenye maneno kwamba kunyamaza ni kifo, kwa sababu ya UKIMWI. Yaani miaka tisa baada ya bendera bado waliihitaji. Alama ya furaha haikutosha wakati wa mazishi.

#15 WaBerlin
#14 nakubali. Nilisema walitaka, sikusema waliweza.

#16 MzeeWaUshirika
Vijana wangu, mnasahau kitu. Upinde ulikuwa wetu sisi wa ushirika kabla ya hao.

Shirikisho la vyama vya ushirika duniani lilichukua bendera ya upinde, rangi saba kamili, mwaka 1925. Mwaka huohuo wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha KNPA, ambacho ndicho kilichokuja kuwa chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Nilikuwa karani wa chama cha msingi, na kila Siku ya Ushirika, Jumamosi ya kwanza ya Julai, tulipandisha ile bendera jirani na ya taifa. Nilikuwa naikunja mwenyewe jioni, urujuani ndani, nyekundu nje.

Mwaka 2001 shirikisho likaacha ile bendera, kwa sababu kila mahali watu walikuwa wanaichanganya na hii mnayoisema. Wakaja na bendera nyeupe yenye kipande cha upinde unaogeuka njiwa. Sikupenda. Sisemi kwamba walituibia, upinde ni wa Mungu. Nasema tu ilikuwepo.

#17 Jirani_wa_Nakuru
Mzee shikamoo. Sisi Kenya tulikuwa na upinde wetu 2002, NARC, muungano wa vyama uliojiita wa upinde, na Kibaki akaapishwa pale Uhuru Park. Hakuna aliyeuliza rangi ni ngapi.

#18 MzeeWaUshirika
Marahaba mwanangu.

#19 Mchungaji_Mstaafu
Nimefuatilia kwa utulivu. Upinde ni agano la Mungu na Nuhu, Mwanzo sura ya tisa. Nasikitika unapotumika kwa jambo ambalo imani yangu hailikubali. Hilo ndilo neno langu, sina matusi kwa mtu.

#20 Mwalimu_Mwanga
#19 baba mchungaji, nakuheshimu. Ila nyongeza ya kihistoria: Thomas Müntzer, mhubiri wa Ujerumani, alipeperusha bendera ya upinde kwenye vita vya wakulima mwaka 1525, akiwa na ukurasa huohuo wa Nuhu moyoni. Na Italia wana bendera ya amani ya rangi saba tangu maandamano ya Perugia hadi Assisi mwaka 1961. Upinde umebebwa na kila anayengoja dhoruba imalizike.

#21 Mchungaji_Mstaafu
#20 Müntzer sikuwa nikijua habari ya bendera yake. Nitaisoma.

#22 BiMkoko
Jamani, mmemtaja Gilbert Baker peke yake mpaka sasa, nami nimengoja nione nani atamtaja mwanamke.

Mchovyaji mkuu pale darini alikuwa Lynn Segerblom. Hiyo batiki ya kufunga na kuchovya ndiyo iliyokuwa kazi yake, na mjini alijulikana kwa jina la Faerie Argyle Rainbow. Rainbow ndiyo upinde! Alikuwa anaitwa Upinde kabla ya bendera. Amesema hadharani kwamba wazo la upinde halikuwa la Baker peke yake, na kwamba moja ya zile bendera mbili, ile yenye nyota kwenye kona mfano wa bendera ya Marekani, ilikuwa ya kwake. Na mshonaji James McNamara naye hatajwi.

Kila siku ndiyo hivi. Mwanamke anachovya, mikono inabadilika rangi, jina linaandikwa la mwingine. Mama yangu alishona mashela ya harusi nusu ya mtaa wetu Mombasa, na watu walikuwa wanasema "shela la duka la fulani".

#23 MswahiliWaGhuba
#22 umenisahihisha na napokea. Nilisema "jina linalotajwa sana" lakini sikuendelea mbele. Kwa haki ya Baker: hakuwahi kuisajili ili alipwe. Aliiacha iwe ya kila mtu, akaishona maisha yake yote. Mwaka 1994 alishona ya urefu wa maili moja kwa ajili ya New York, miaka 25 ya Stonewall. Alifariki 31 Machi 2017.

#24 BiMkoko
Kutosajili ni wema. Kutaja wenzako ni wema mwingine.

#25 MpenziWaSinema
Bi Mkoko leo hatuponi.

Nina maelezo mengine, msinicheke. Nimesoma kwamba ile Paramount, kabla ya kupata oda kubwa, ilianza kwa kuuza bendera za upinde zilizobaki ghalani. Zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya jumuiya ya wasichana iliyo chini ya Freemason, iliyoanzishwa Oklahoma mwaka 1922, ambayo alama yao ni upinde wa rangi saba. Sasa kama ni hivyo, kile kipindi cha rangi saba hakikutokana na waridi kukosekana. Kilitokana na mabaki ya ghala!

#26 FundiGora
#25 hiyo inaingia akilini kwa fundi yeyote. Mteja kaja analia, anataka bendera kesho, wewe una bunda stoo. Unafanyaje? Unatoa stoo. Habari ya rangi inatungwa baadaye.

#27 Ngangari_77
Bado mpo? Nani anajali mashoga walishona nini.

#28 BiMkoko
#27 kwanza lugha. Shoga kwetu pwani ni rafiki wa mwanamke, mwanamke mwenzake. Nina mashoga zangu wanne, na mmoja ndiye aliyenishika mkono siku ya kumzika mume wangu. Neno limepita kwenye midomo mingi likabadilika, lakini usilitupe kama jiwe.

#29 Nasoma_Kimya
Nimejiunga leo ili niandike hapa. Nimekuwa nikisoma jukwaa hili bila akaunti kwa muda mrefu.

Mimi ni mmoja wa watu mnaowazungumzia. Nipo Nairobi. Sina bendera, sijawahi kuishika mkononi. Niliiona mara ya kwanza kama kibandiko kidogo, cha ukubwa wa stempu, pembeni mwa dirisha la zahanati nilikokwenda kupima. Nilisimama nje dakika kumi nikijifanya naongea na simu. Ndani yule nesi hakuniuliza chochote cha kuniaibisha. Sita au nane sikuhesabu.

Swali langu: wanawake walikuwa na alama gani kabla ya hii?

#30 BiMkoko
#29 karibu mwanangu. Umefika.

Maua. Sappho, mshairi wa kisiwa cha Lesbos miaka 2,600 hivi iliyopita, anamkumbusha mwanamke aliyemwacha jinsi walivyovikana mataji ya urujuani. Mashairi yake mengi yamepotea, shairi zima lililobaki ni moja, na vipande vingi vimepatikana kwenye jalala la mji wa kale wa Misri, Oxyrhynchus, ambako wachimbaji walianza kufukua karatasi za mafunjo mwishoni mwa karne ya 19. Kutoka jalalani! Baadaye, mwaka 1926, tamthilia moja New York ilimwonyesha mwanamke akimpelekea mwenzake shada la urujuani. Polisi waliivamia mwaka uliofuata ikafungwa. Wanawake wa Paris wakawa wanachomeka urujuani kwenye kola ya koti.

Kwa hiyo ule mstari wa chini wa bendera, ukiuangalia, ni wenu zaidi kuliko wa mtu yeyote. Haya ni mawazo yangu, hakuna aliyeniambia.

#31 Nasoma_Kimya
Nimeusoma mara tatu. Ahsante.

#32 WaBerlin
#30 nyongeza: kuna pia shoka la ncha mbili, la Wakrete wa kale, lililovaliwa kama kidani miaka ya 1970. Na herufi ya Kigiriki lamda, iliyochaguliwa New York 1970. Zote zimefifia. Upinde ulizimeza.

#33 Kaka_wa_Tabora
#14 aligusa UKIMWI, nami nataka kubaki hapo kidogo.

Cleve Jones, rafiki wa Milk, ndiye aliyeanzisha lile blanketi la majina. Mwaka 1985 kwenye maandamano ya mishumaa watu walibandika ukutani majina ya waliokufa, naye akaona ukuta umekuwa kama blanketi la viraka. Mwezi Oktoba 1987 walilitandaza Washington, vipande 1,920, kila kimoja futi tatu kwa sita, kipimo cha kaburi. Sasa vimefika 50,000 hivi. Wameshonea mashati, jinzi, vinyago vya watoto, vifungo.

Kaka yangu alikufa 1993. Aliuguzwa nyumbani, na mama aliweka kikoi chake kwenye sanduku, hakikufuliwa. Tulipohama mwaka 2010 tulilifungua. Kila mtu aligeuka upande wake. Hakuna aliyewahi kutamka ugonjwa ule ndani ya nyumba, mpaka leo, na yeye hakuwa shoga wala nini, alikuwa dereva wa lori. Nilipoona picha za lile blanketi nilielewa kilichokosekana kwetu: mahali pa kukipeleka kile kikoi.

#34 FundiGora
#33 pole sana kaka.

#35 MzeeWaUshirika
Pole mwanangu. 1993 nasi tulizika vijana watatu wa chama.

#36 MswahiliWaGhuba
#33 pole. Na bendera yenyewe iliwahi kupata mstari mweusi kwa sababu hiyohiyo. Leonard Matlovich, mwanajeshi wa anga aliyepigana Vietnam, akafukuzwa jeshini kwa kujitangaza, alipendekeza kwamba siku tiba ikipatikana mistari yote myeusi ing'olewe ichomwe moto Washington. Alifariki mwaka 1988, kwa ugonjwa huohuo.

#37 MpekuaKabati
Wakuu, uzi umekwenda mbali na nimefurahi. Nikirudi kwenye hesabu: rangi zimeanza kurudi tena. Mwaka 2017 mji wa Philadelphia uliongeza nyeusi na kahawia kwa ajili ya watu weusi na wengine wasio wazungu, na mwaka 2018 Daniel Quasar akaongeza mshale pembeni wenye rangi za watu waliobadili jinsia. Kwa hiyo ile "sita" nayo ni kituo tu.

Dai langu la kuona haya naliondoa kwa waridi. Kwa feruzi bado. Feruzi ilisimamia nini?

#38 MswahiliWaGhuba
Kwenye ile ya rangi nane: nyekundu uhai, chungwa uponyaji, manjano jua, kijani maumbile, nili utulivu, urujuani roho. Feruzi... neno lake kwa Kiswahili linanisumbua. Uchawi? Wengine wanaongeza sanaa.

#39 Mchungaji_Mstaafu
Uchawi hapana. Uchawi ni wa kuroga.

#40 Jirani_wa_Nakuru
Mazingaombwe?

#41 BiMkoko
Mazingaombwe ni ya kutoa sungura kwenye kofia. Semeni maajabu. Feruzi ni maajabu.

#42 FundiGora
Nimerudi na feruzi, na nimefanya kazi.

Kuna maelezo mawili ya kuondolewa kwake, nimeyakuta yote mawili. Moja ni la #4: saba haigawanyiki, walitaka tatu kila upande wa mtaa. La pili linasema bendera ilipotundikwa wima kwenye nguzo ya taa, mstari wa katikati ulifichwa na nguzo, ndiyo maana wakapunguza.

Leo mchana hakukuwa na mteja. Nikachukua vipande saba vya mabaki, upana wa kiganja, nikaviunga kwa mpangilio wao baada ya waridi kutoka: nyekundu, chungwa, manjano, kijani, feruzi, buluu, zambarau. Nikavitundika wima ndani ya kibanda, kwenye nguzo ya mlango. Nikarudi nyuma hatua sita.

Nguzo inaficha kijani. Hesabuni wenyewe: wa nne ni kijani, tatu huku, tatu kule. Feruzi ni wa tano, inaonekana vizuri kabisa. Kama shida ilikuwa nguzo, mbona wametoa ambayo haikufichwa?

#43 MswahiliWaGhuba
Mkuu nimehesabu kwa vidole. Ni kweli.

#44 Mwalimu_Mwanga
Walihitaji tu idadi shufwa. Ukitoa wowote zinabaki sita, na nguzo inakaa kwenye mshono kati ya manjano na kijani. Hawakulazimika kutoa uliofichwa.

#45 FundiGora
Sawa mwalimu, lakini hujajibu kwa nini feruzi. Kama ni wowote, mtu alikaa akachagua. Mimi nasema ni bei, na pia feruzi inakaa kati ya kijani na buluu, ukiwa mbali hizo mbili zinaimeza, kwa hiyo ikitoka hakuna anayeikosa. Ila sina uhakika na hilo.

#46 BiMkoko
Au aliyechagua hakuwa mchovyaji. Mchovyaji hatoi feruzi. Ndiyo ngumu kuipata kuliko zote.

#47 FundiGora
Hapo kuna kitu. Nimewahi kurudia feruzi mara nne kwa doti moja.

#48 Nasoma_Kimya
Fundi, hivyo vipande saba bado viko mlangoni?

#49 FundiGora
Nimevitoa jioni kabla ya kufunga, unajua mtaa. Nimevikunja nimeviweka kwenye droo ya nyuzi. Kile cha feruzi nimekichana pembeni, kipo chenyewe. Ukipita upande huu ulizia fundi wa batiki, utapewa.

#50 MpekuaKabati
Binti yangu anauliza kama na yeye anaweza kupata cha nili.